Mama Ameelezwa

Tranka liliingia nyumbani kwetu kabla ya mazungumzo. Ilikuwa Jumamosi, wiki mbili kabla shule hazijafungwa. Wifi yangu mkubwa alishuka kwenye bajaji hapa Ukonga, akamwamuru dereva alibebe mpaka sebuleni, likatuliwa katikati ya zulia: la bati, jeusi, kufuli linaning'inia mbele kama hereni ya bibi harusi. Juu ya mfuniko alikuwa ameshabandika orodha kwa mwandiko wake ule wa ubaoni. Ndoo moja. Ndala jozi moja. Shuka mbili. Chandarua. Fagio la chelewa.

"Shikamoo wifi," nikasema.

"Marahaba. Januari anakwenda bweni. Kimbiji. Nimeshaongea na mwalimu mkuu wa pale, tulikuwa wote chuo cha ualimu. Watamnyoosha."

Wifi yangu hajawahi kuniomba ushauri. Ni mwalimu wa hesabu, shule ya msingi huko Kinondoni, na amezoea kuuliza yale tu ambayo jibu lake analo tayari.

Wa kunyooshwa alikuwa binti yangu, mtoto wangu pekee, miaka tisa, anamaliza darasa la tatu. Ripoti yake ilikuwa mezani, wifi ameilazia kiganja kama anaizuia isiruke. Kiswahili A. Kusoma A. Hisabati E. Chini mwalimu wa darasa kaandika: "Ana uwezo ila ni mvivu na mzaha umezidi."

Nikamgeukia mume wangu. Yeye ni kitinda mimba kwao, amelelewa mgongoni kwa dada yake huyo huyo, na mbele yake huwa anakuwa na umri wa miaka minne. Akalitazama tranka, akakohoa, akasema, "Dada amefikiria mbali." Kisha akaenda kuoga.

Niseme mapema mie ni mtu wa namna gani, ili msije kudhani nilisimama kama simba jike. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na hesabu nilipata F iliyonyooka, ile ambayo hata msahihishaji hakupata taabu nayo. Tangu hapo nimekaa ndani. Nauza barafu za ubuyu kupitia dirishani, dunia inakuja kwangu ikiwa na kiu, inaondoka. Wifi ana utani wake kuhusu hilo. Anasema wafungwa wa gereza la Ukonga angalau hutolewa kwenda kulima, mie hata hapo sijafika. Nacheka kila mara. Nikishamaliza kucheka namwekea chumvi nyingi kwenye mchuzi.

Basi siku ile, akiwa bado hajavua viatu, akamwita mtoto kibarazani. Alitaka kunionyesha mwenyewe, alisema, ili nisije kulialia Januari. Mimi nikakaa mlangoni na ungo wa mchele, najifanya nachambua.

"Sita mara saba?"

Binti yangu akavuta pumzi. "Sita mara moja sita, sita mara mbili kumi na mbili, sita mara tatu kumi na nane..." Kwa mahadhi kabisa, kichwa kinayumba kushoto na kulia kama yuko madrasa.

"Sijakuomba wimbo. Sita mara saba."

Akarudi mwanzo. "Sita mara moja sita..."

"Acha!"

Wifi akatoa mfuko kwenye pochi, akamwaga vizibo vya soda sakafuni. Akatenga vitano. "Vingapi?"

Mtoto akavigusa kimoja kimoja kwa kidole. "Vitano."

Wifi akavitawanya kidogo kwa kiganja. Hakuongeza, hakupunguza. "Na sasa?"

Mtoto akavigusa tena toka mwanzo. "Vitano."

Akavikusanya. "Na sasa?"

Akavigusa. "Vitano."

Akavitawanya. "Na sasa?"

Binti yangu akamwangalia shangazi yake usoni, akaviangalia vizibo, akasema, "Sita." Alinieleza baadaye: alidhani kama jibu lingekuwa lile lile, mtu mzima asingeendelea kuuliza.

"Ile saa ya ukutani inasema saa ngapi?"

Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi. "Kumi," akasema mtoto.

"Saa ngapi!"

"Baba anasema saa nne. Lakini pale imeandikwa kumi, shangazi."

Rula ikashuka kwenye vidole vyake mara mbili. Hakulia. Ananyonya vidole tu akiumizwa, tangu mchanga. Mchele ukanimwagika.

"Wifi, mtoto hajakutukana."

"Amenitukana vizuri sana. Huyu si ndiye Idd mosi alisimama mbele ya ukoo mzima akataja jedwali mpaka kumi na mbili bila kumeza mate? Nikampigia vigelegele mwenyewe! Leo hajui vizibo vitano? Huu ni ujeuri. Ujeuri wa kukaa ndani na mama yake."

"Ndani kwangu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo tatizo lenyewe."

Nikainama kuokota mchele. Nilijua lile jedwali lilitoka wapi.

Lilitoka jikoni kwangu. Alipokuwa na miaka mitano nilimtuma alete vikombe vitatu, akaja na vyote vilivyomo kabatini, amevikumbatia kifuani. Nikadhani utani. Kesho yake hivyo hivyo. Sahani alikuwa anapanga vizuri kabisa, lakini kwa majina: ya baba, ya mama, yangu. Akija mgeni asiye na jina anabaki amesimama na sahani mkononi. Kwa kusema, alikuwa redio; habari za mtaa mzima anazo, na zingine anaongezea. Lakini ukimwambia chagua rundo lenye vingi anachagua lenye rangi nzuri. Mama mwenye akili angeuliza watu. Mie nilimtungia wimbo. Nilichukua mahadhi ya kaswida niliyojifunza utotoni, nikapachika jedwali la mbili, tukaimba tukiosha vyombo. Akalishika kwa siku mbili. Nikapachika la tatu. Mtoto huyo kwa kushika maneno hana mpinzani, alipofika la kumi na mbili mimi mwenyewe nilikuwa namfuata nyuma. Ndipo nikampeleka kwenye Idd ya ukoo, nimemvisha gauni la njano, nikakaa pembeni nakula pilau taratibu, nasubiri uso wa wifi.

Nilikuwa nausubiri ule uso tangu binti yangu alipozaliwa.

Binti yangu ni njiti. Alikuja wiki ya thelathini, kilo moja na kipande, ngozi imekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima. Nilikaa naye wodini amefungwa kifuani kwangu kwa kanga, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, wiki saba, kama kangaruu, tena kangaruu mvivu maana kazi yangu ilikuwa kukaa. Kukaa naweza. Manesi walinisifu. Siku ya tatu wifi akaja kunijulia hali. Akachungulia kwenye kanga, akaona kile kichwa kama limau, akanyanyua macho, akasema mbele ya kina mama wote wa wodi ile: "Nawe mwenzetu, hata miezi tisa imekushinda kuhesabu."

Wodi ikacheka. Hata mimi nilicheka, nikimshikilia mtoto asitikisike.

Tulipotoka, arobaini yangu ilianza kuhesabiwa upya toka ile siku ambayo mtoto alitakiwa kuzaliwa. Mama yangu mzazi aliamua hivyo na hakuna aliyebisha. Kwa hiyo mie nimekaa ndani arobaini mbili kwa uzazi mmoja. Ya pili ndiyo sijawahi kutoka sawasawa.

Lakini kabla ya kutoka wodini, nesi mmoja mzee aliniketisha. Alisema mtoto atakuwa na mashavu, atatembea, ataongea, watu watasahau kwamba alikuwa njiti. "Wewe usisahau. Wengine wakifika shule, hesabu zinawapa shida. Si ujinga wala uvivu. Akili ilikuwa bado inajengwa alipotoka. Ukiona, sema mapema, asaidiwe mapema." Akaandika kwenye kadi ya kliniki. Nikaitikia ndiyo ndiyo. Kichwani nilikuwa nasikia wodi inacheka. Kwamba nimpelekee wifi habari hii? Kwamba mtoto wangu naye, hesabu? Afadhali nimeze kadi.

Jumatatu baada ya lile tranka nikatoka nyumbani. Naomba mlione hilo kwa uzito wake. Nilivaa baibui la msibani maana ndilo lililopigwa pasi, nikaenda shuleni kugombana na mwalimu wa darasa. Mpango wangu ulikuwa rahisi: afute neno "mvivu" kwenye ripoti, nimwonyeshe mume wangu, tranka lirudi Kinondoni.

Mwalimu ni msichana, mdogo kwangu kwa umri, mnene wa sauti, amezungukwa na madaftari kama amejengewa ukuta.

"Sifuti kitu, mama. Watoto ninao darasa zima. Wa kwako anasoma hadithi mpaka wenzake wanaacha kupigana. Nikiandika nane na tano ubaoni anageuka kupiga soga. Nimwiteje, malaika?"

"Unamchapa?"

"Namchapa kama wengine."

"Mtoto wangu alizaliwa njiti."

Nilishtuka mwenyewe kusikia limetoka. Mwalimu aliweka kalamu chini. Akainuka, akafungua kabati la chuma, akachambua, akarudi na fomu ya kuandikishwa shule. Mwandiko wangu. Palipoandikwa "Matatizo wakati wa kuzaliwa au ya kiafya, eleza", nilikuwa nimeeleza kwa neno moja. Hakuna. Tena nimelipigia mstari chini, sijui ili iweje.

"Umeandika mwenyewe, mama. Miaka mitatu mie nafundisha mtoto wa 'Hakuna'. Leo ndiyo unakuja na njiti, tena umenivalia nyeusi?"

"Nilidhani ameshapona."

"Ulidhani. Una karatasi yoyote ya hospitali?"

Nikasema sina. Nikaondoka kwa mwendo wa mtu aliyeshinda kesi, mpaka nilipokata kona.

Karatasi ninayo. Iko ndani ya begi la nguo zangu za harusi, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mto. Mtu asiyetoka nyumbani anajua kuficha. Nikaitoa siku hiyo hiyo, mtoto akiwa shule, nikaisoma nimeketi juu ya tranka kwa sababu lilikuwa limechukua nafasi ya kiti. Siku zile orodha ilikuwa inajazwa: mume wangu kashaleta ndoo, kashaleta chandarua, anaviingiza bila kuniangalia. Jioni moja nilimwambia, "Baba, mtoto hata saa hajui kusoma, huko atajuaje muda wa kuamka?" Akasema, "Kengele." Mwanaume ana neno moja kwa kila jambo, na nilikuwa nimeolewa nalo.

Binti mwenyewe alikuwa anafanya mazoezi. Nilimkuta anatandika shuka sakafuni, anakunja, anatandika.

"Mama, bweni wanaruhusu kuimba?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Kwenye hesabu. Kama hawaruhusu bora nijifunze kuimba kimoyomoyo."

Hapo ndipo hesabu yangu ilipokamilika, nami si mtu wa hesabu. Nikinyamaza, wifi hatanicheka, na mtoto atakwenda Kimbiji kuchapwa na watu wasiojua wanachapa nini. Nikisema, mtoto atabaki, nami nitachekwa mpaka kaburini, na safari hii kwa haki.

Naomba nisisifiwe. Nilichukua siku nne.

Jumamosi wifi akaja kuchukua vipimo vya sare. Alikuja na futi ya fundi shingoni. Mume wangu alikuwepo, mtoto amesimama katikati amenyoosha mikono. Nikasema, "Wifi, kabla hujapima, soma hii."

Akaivaa miwani yake. Alisoma kwa sauti, ile sauti ya kusoma insha mbovu mbele ya darasa. "Alizaliwa kabla ya wakati, wiki ya thelathini. Gramu elfu moja mia tatu hamsini. Afuatiliwe kuona na kusikia. Akianza shule afuatiliwe kwa karibu, hasa hesabu." Akasita. "Mama ameelezwa."

Akaisoma tena ile sentensi ya mwisho, safari hii akiniangalia mimi.

"Umeelezwa lini?"

"Siku tunatoka wodini."

"Miaka tisa."

"Ndiyo."

"Na lile jedwali?"

"Nilimtungia wimbo. Hajui maana yake. Anajua wimbo tu."

Mume wangu akakaa juu ya mkono wa kochi. Wifi akavua miwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Hakucheka, na ikawa mbaya zaidi.

"Mwanamke wewe. Mie ni mwalimu wa hesabu. Nipo Kinondoni hapo, si Ulaya. Kila Idd nakuja hapa nakula. Ukashindwa kuniambia?"

"Wewe ulisema miezi tisa imenishinda kuhesabu."

"Nani?"

"Wewe. Wodini. Mbele za watu."

Akakunja uso. Alikuwa anatafuta kweli, nilimwona anatafuta, kama mtu anayepapasa swichi gizani. "Mie? Nilisema hivyo?"

Hakumbuki. Miaka tisa nimelilea neno lile kwa uangalifu kuliko nilivyomlea mtoto, nimelivisha, nimelinenepesha, na mwenyewe aliyelitupa hajui kama liliwahi kuwa lake.

"Na kama nilisema," akapaza sauti, "ndiyo umlipize mtoto? Nimemchapa huyu! Nimemchapa vidole kwa vizibo vitano, na wewe umekaa pale mlangoni unachambua mchele, unajua!"

"Nilikwambia hajakutukana."

"Hukuniambia kitu! Uliniambia sentensi!"

"Nawe ungesikiliza? Lini umewahi kusikiliza kitu ndani ya nyumba hii?"

"Dada," mume wangu akaanza.

"Nyamaza!" Tulisema pamoja. Ndilo jambo pekee tulilowahi kukubaliana.

Binti yangu bado alikuwa amenyoosha mikono, hakuna aliyemwambia ashushe. "Shangazi," akasema, "nikiimba nafika. Nisipoimba sijui nimeanzia wapi."

Wifi akaivua futi shingoni. Akamshusha mikono, wa kulia, kisha wa kushoto. Halafu akaenda kwenye tranka, akaibandua orodha, ikachanika katikati, kipande cha chini kikabaki kimegandia. Akatoa ndoo. Akatoa chandarua.

"Kule Kimbiji darasani wako wengi kuliko hata shule ya hapa," akasema, hakuwa anasema na mimi. "Mwenzangu yule namjua. Atamchapa mpaka aote sugu, kisha atasema amemnyoosha. Haendi."

"Dada amefikiria mbali," akasema mume wangu.

Wifi akanigeukia mimi. "Na wewe usije kudhani nimekusamehe."

"Sijaomba."

"Hata kuomba hujui."

Jumatatu nilirudi shuleni na kadi. Mwalimu wa darasa alinipa ile fomu na kalamu nyekundu, nikalikata lile "Hakuna" lenye mstari chini, nikaanza kueleza. "Fupisha, mama, nafasi ndogo," akasema, hakunikaribisha kiti. Lakini alinukuu maneno ya nesi kwenye daftari lake, akasema fimbo za hesabu zimekwisha kwa mtoto huyu, na Januari akae mbele na vizibo vyake. Alinielekeza pia kwa wanaopima watoto wenye shida za kujifunza. Nikaenda. Nimetoka nyumbani mara nyingi mwaka huu kuliko miaka yote ya ndoa yangu, na sijapenda hata mara moja.

Wifi huja kila Jumamosi. Hana salamu zaidi ya marahaba ya pembeni ya mdomo. Mwezi mzima wa mwanzo hakuvuka namba tatu. Vizibo vitatu kwenye sinia, anafunika kwa kitambaa, anafunua, anafunika; wimbo ni marufuku. Wiki ya pili nilipita na ndoo yangu ya barafu, akasema bila kugeuka, "Na wewe kaa. F haijifuti yenyewe." Nikakaa. Ananifundisha kama adui wa taifa. Nikikosea anafurahi waziwazi, na mtoto naye anafurahi, wanaangaliana wanacheka, wamenitoa nje ya mambo yao.

Sasa hivi binti yangu akiona vitatu anasema vitatu bila kugusa. Vinne inategemea siku. Saa hajui bado, na wifi kasema hatamfundisha saa mpaka tukubaliane sote ndani ya nyumba kwa nini kumi inaitwa nne. Darasa la nne lina mtihani wake, na hakuna anayejua mtoto ataufanya vipi. Hata wifi hajui, na kutojua kunamkera, anakuja mapema zaidi.

Tranka liko pale pale, limesukumwa ukutani. Jumamosi ile ya ugomvi, kabla hajaondoka, wifi alilifunga likiwa tupu, akabonyeza kufuli, ufunguo akautia kwenye pochi. Kila Jumamosi akifungua pochi kutoa vizibo nausikia unagonga. Sijamuuliza atautoa lini, wala kama anatulinda na Kimbiji au anatutisha nayo. Tumeliwekea kitambaa, ndipo mtoto anapokalia akifanya hesabu.